Kabla ya Taarifa ya Saa Moja

Mgeni aliingia kwa mlango wa jikoni, Jumapili mchana, wakati waheshimiwa wamekaa sebuleni wakigawana serikali.

Maji yalimchuruzika kutoka kwenye kifuniko cha mianzi na majani alichojivika mgongoni, kile wanachovaa wakulima wa mabondeni wanapoinama shambani mvua ikinyesha. Alikivua, akakiegemeza ukutani, akauliza kama hapa ndipo kwa Daiahun, binti wa Kong Phida wa ukoo wa Syngkrem.

"Ndiye mimi," alisema Daiahun, ambaye alikuwa amekuja kuongeza chai ya rangi. "Lakini leo sipokei watu, Bah," alisema, akimwita kwa heshima apewayo mwanamume. "Njoo ofisini kesho asubuhi, utaandikishwa."

"Mama yako ni Syngkrem. Na aliyemzaa ni Syngkrem wa Laitumsaw?"

"Ndiyo."

"Basi mimi ni mjomba wako. Mjomba haandikishwi."

Kutoka sebuleni kilisikika kicheko cha Lamdor, mbunge mwenzake wa chama. "Kong, dada yangu! Umepata mjomba mwingine? Mwambie nafasi za udereva zimejaa!"

"Udereva wa nini?" mzee alijibu bila kugeuka. "Kwetu hata barabara hakuna."

Sebule nzima ikacheka, na Daiahun naye akacheka. Akavuta kigoda karibu na moto, akamwekea mzee tambuu na popoo na chokaa kidogo kwenye kisahani, akaketi mbele yake akiwa bado na birika mkononi. Alikuwa waziri, lakini kabla ya hapo alikuwa mkunga kwa miaka mingi, na ukunga humfundisha mtu kwamba anayekuja kwa mlango wa nyuma hajaja kupiga soga.

Mzee aliitwa Ksan. Alitafuna polepole mpaka midomo ikawa myekundu, kisha akasema kilichomleta.

Kule Laitumsaw, kwenye ukingo wa mto, ukoo una nyumba ya mawe ya kuwekea mifupa ya wafu wake. Mtu akifa huchomwa, na mifupa yake huhifadhiwa kwanza chini ya jiwe dogo, peke yake, ikingoja siku ya kuingizwa katika nyumba kubwa pamoja na wote waliotangulia. Lakini siku hiyo haifiki hivi hivi. Walio hai lazima wawe wamepatana. Na watu wa Laitumsaw hawakuwa wamepatana tangu kabla Daiahun hajazaliwa, kwa sababu ya shamba la machungwa ambalo dada wawili waliziachia nyumba zao mbili, Nyumba ya Juu na Nyumba ya Chini.

"Wafu wetu wote wa miaka hiyo wako nje," alisema Ksan. "Bibi yako mzaa mama yuko nje. Kila mmoja na kijiwe chake, kama watu waliokosa nafasi kwenye basi."

"Sikujua."

"Ungejuaje, umelelewa mjini na kanisani. Sikulaumu. Basi, mwaka jana tumepatana. Mei Thrin, mama yao wa Nyumba ya Chini, alipanda ngazi akaja kwangu mwenyewe, akala kwangu. Tumekubaliana kuwaingiza wafu baada ya mvua za mwaka huu. Sasa tunasikia bwawa lenu la umeme litajazwa mvua kubwa zikianza tu."

Daiahun aliweka birika chini. Habari za bwawa alizijua. Suala lenyewe lilikuwa linakuja kwenye baraza la mawaziri siku chache zijazo.

"Mjomba, serikali inaweza kuihamisha mifupa. Kwa heshima zote. Tutaleta watu, tutaleta..."

"Mtahamisha watu waliogombana?" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wakiunganishwa kwanza, watahamia mlimani pamoja, sisi wenyewe tutawabeba. Lakini kabla ya hapo, nani atambeba nani? Ninyi vyama vitano mnakaa chumba kimoja hata kama hampatani. Sisi mifupa yetu haiwezi."

Sebuleni walikuwa wamenyamaza. Daiahun alijua kwamba wanasikiliza.

"Siwezi kukuahidi uamuzi," alisema. "Mimi ni mmoja kati ya mawaziri kumi na wawili, na chama changu ndicho kidogo kuliko vyote."

"Sijaomba uamuzi. Uamuzi ni wenu. Nimeomba habari." Ksan aliinama karibu zaidi. "Nyumba ya Chini ndiyo iliyowaruhusu wapimaji wa bwawa kupita shambani, zamani zile za ugomvi. Watu wetu wakisikia redioni kwamba maji yanakuja, vijana wa Nyumba ya Juu watasema, mmeona, ndio hawa. Usiku huohuo tutarudi tulikotoka. Lakini habari ikiletwa na mtu wa ukoo, kwa kinywa chake, wote tukiwa tumekaa, tutaipokea kama tunavyopokea msiba. Msiba hauna Juu wala Chini."

"Unataka nije?"

"Uje kabla ya redio. Useme. Na mleta msiba haondoki mpaka swali la mwisho liulizwe. Hilo tu."

Lilikuwa jambo dogo. Daiahun alimpa mkono, akasema, "Nitakuja mwenyewe, mjomba. Likiwa jema au baya."

Mzee alipoondoka, Lamdor alikuja jikoni kutafuta wali wa nguruwe uliobaki. Alikuwa mnene, mchangamfu, na walikuwa marafiki tangu siku walipofungua chama chao katika chumba kimoja juu ya duka la viatu.

"Umemwahidi nini yule mzee?"

"Kumpelekea habari."

"Ah, hiyo rahisi. Mtume dereva."

*

Mawaziri wa jimbo walikutana Alhamisi, na kila mtu alijua kwamba ndiyo mara ya mwisho kukaa kwenye viti vile. Katika mapatano ya serikali ya mseto waliandika kwamba nusu ya muhula ikifika, mawaziri wote watajiuzulu na wizara zigawanywe upya, ili kila chama kionje. Baadhi ya watu walicheka mpango huo. Daiahun hakuucheka. Miaka miwili na nusu alikuwa Waziri wa Maktaba na Michezo, akikata utepe kwenye viwanja vya mpira, akingoja siku ya kuapishwa upya, kesho yake, kwa sababu katika nusu ya pili chama chake kiliahidiwa Afya. Alikuwa na mpango wa wakunga tayari: mkunga mmoja aliyesomea, anayelipwa, kwa kila kundi la vijiji vya mabondeni. Aliingia siasa kwa ajili ya hilo. Katika ukunga wake aliwahi kushuka ngazi akakuta mama amekwisha kufa, zaidi ya mara moja, na wanawake wale hakuwasahau.

Waziri Mkuu wa jimbo, Bah Aiborlang, alikuwa na utaratibu wake. Hakupigisha kura hata siku moja. Alianza na chama kidogo kuliko vyote akapanda mpaka kikubwa, akiuliza kila mmoja, "Una neno?" Walipomaliza mzunguko bila neno, jambo limepita. Mtu akiwa na neno, walizungushana mpaka liishe. "Tukianza kuhesabu mikono," alikuwa akisema, "tutakuwa tumeanza kuhesabu siku zetu."

"Bwawa," alisema. "Lango lifungwe mwanzoni mwa mwezi wa tano, mvua zijaze. Kong Daiahun, una neno?"

"Ninalo, Bah."

Alieleza. Hakuwa msemaji hodari, lakini alieleza taratibu, kama anavyomweleza mume hali ya mkewe. Aliomba lango lisubiri mwaka mmoja, mpaka kiangazi kingine kipite.

Bah Wanphrang, waziri wa nishati, alivua miwani. "Kong, kwa heshima. Huu si ukoo wako?"

"Ni ukoo wangu."

"Basi wengine wetu pia tuna koo."

"Wanphrang," Waziri Mkuu alionya.

"Hapana, mwache aseme," alisema Daiahun. "Ni kweli ni ukoo wangu. Na ukweli mwingine ni kwamba nisingekuwa wa ukoo ule, nisingejua hata kwamba jambo hili lipo. Hakuna mtu aliyetuletea."

Wanphrang alizungusha miwani vidoleni. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake iliposhuka ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mgao wa umeme umefika saa nane kwa siku. Wiki iliyopita hospitali ya wilaya yangu jenereta iligoma. Watoto njiti watatu walikuwa kwenye mashine. Manesi waliwaweka vifuani mwao, chini ya nguo, mpaka umeme ukarudi. Wewe mkunga, unalijua hilo kuliko mimi. Nisubiri mwaka mwingine niwaambie nini mama zao?"

Nje, kwenye misonobari, upepo ulikuwa ukivuma.

"Wamepona?" Daiahun aliuliza.

"Wawili."

Waziri Mkuu aliendelea kuuliza, chama baada ya chama. Hapakuwa na neno. Akarudi mwanzo. "Kong. Nikikuuliza tena na bado una neno, lazima niondoke hapa nikamwambie Gavana kwamba hatuna serikali. Viti vyenu viwili ndivyo vinavyotushikilia, unajua hivyo, na mimi sijifanyi sijui. Sitakulaumu. Lakini lazima niulize."

Daiahun alitazama mikono yake mezani. Aliwaona wale watoto chini ya nguo za manesi. Aliona vijiwe vidogo ukingoni, na chini ya kimojawapo bibi ambaye hakuwahi kumwona. Akamwona pia mwanamke kwenye mkeka, bondeni, akisikiliza kama kuna mtu anashuka ngazi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeweza kuingia chumba kile kujisemea.

"Una neno?"

"Sina," alisema.

Jambo likapita.

Walipoinuka alimfuata Waziri Mkuu mpaka dirishani. "Bah, nakuomba kitu. Niliahidi kuwapelekea habari mwenyewe. Usitangaze mpaka nifike."

"Waandishi wako getini tangu asubuhi."

"Najua."

Aiborlang alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita kasoro. "Nitawaambia waitoe kwenye taarifa ya saa moja jioni. Zaidi ya hapo itavuja, siwezi. Na Kong, unakumbuka kiapo chetu. Kilichosemwa humu, nani alisema nini, kinabaki humu. Ukifika kule, uamuzi ni wetu sote."

"Nakumbuka."

"Na kesho saa nne Gavana anaapisha. Saa sita ana ndege ya Delhi. Hangoji mtu."

Lamdor alikuwa ukumbini akimsubiri. Alimsikiliza, kisha akapiga paji la uso kwa kiganja. "Dada, una wazimu? Gari saa tatu, na mvua hii saa nne. Halafu ngazi. Utafika jioni. Utapandaje usiku, ngazi zimeota ukungu?"

"Wakimaliza mapema nitapanda. Wana kurunzi."

"Wakimaliza mapema! Ukoo? Umewahi kuona kikao cha ukoo kikimaliza mapema?" Alimshika mkono. "Sikiliza. Mtume dereva, anajua kusema. Au nipeleke mimi."

"Wewe si Syngkrem. Na si wewe uliyeahidi."

"Kiti ni cha chama, Daiahun, si chako wala changu. Saa nne isipokukuta pale, atakayeapa ni mimi. Sitajifanya mtakatifu nikatae, maana tukikiacha wazi watampa mtu mwingine kabla ya chakula cha mchana."

"Najua. Uape, basi." Akajaribu kutabasamu. "Lakini wakunga wangu, Lamdor."

"Mimi sijui chochote kuhusu wakunga."

"Utafundishwa."

Lamdor alimtazama, na uso wake mchangamfu ulikuwa kama wa mtu mwingine. "Nenda, basi," alisema. "Nenda kabla sijakufungia chooni."

*

Barabara iliishia kwenye duka la mwisho la chai, na pale ngazi za mawe zilianza kushuka. Mvua ilikuwa imepungua kuwa ukungu. Daiahun alivua viatu vya ofisini, akanunua kandambili dukani, akapandisha vazi lake na kulifunga kiunoni. Dereva alitaka kumsindikiza, akamwambia abaki na gari, aligeuze kabisa lielekee mjini.

Ngazi zilikuwa kali kuliko alivyozikumbuka. Aliposhuka zamani, na mkoba wa ukunga, magoti yalikuwa ya msichana. Sasa kila baada ya kona alishika shina la mpopoo, akapumua, akatazama chini, ambako mto ulisikika bila kuonekana. Alijaribu njiani kutafuta maneno. Alijikuta kila mara anaanza na "wameamua," kwa sababu ndivyo ulimi ulivyotaka, na kila mara akalirudisha. Akajaribu "mimi nilisema kwamba", akalirudisha na hilo. Alichoruhusiwa kubeba kilikuwa kidogo sana, nacho kilimlemea.

Alifika Laitumsaw mwanga ukiwa bado upo. Mtu aliyekuwa akichota maji alimwona kwanza, akaacha ndoo ikafurika. Hakumsalimu kwa sauti. Aligeuka akakimbia kuita. Mpaka Daiahun anafika kwenye baraza ya shule, watu walikuwa wakitoka nyumba zote, wanawake wakifuta mikono, na mmoja akiwa na redio ndogo kwapani, tayari kwa taarifa ya habari.

Ksan alikuja mbele. Alimwangalia miguu iliyojaa tope, kisha uso. "Umekuja," alisema. Hakuuliza zaidi.

Nyumba ya Juu ilikaa upande mmoja wa baraza, Nyumba ya Chini upande wa pili, na katikati paliachwa nafasi ya mtu mmoja kupita. Upatanisho wao ulikuwa bado mgeni, hawakuwa wameuzoea. Mei Thrin, bibi mdogo wa mwili mwenye macho makali, alikaa mbele kabisa ya watu wake.

Daiahun alisimama katika ile nafasi. Kisha akaona si vizuri kusimama, akakaa chini kwenye saruji.

"Mimi ni Daiahun, mtoto wa Phida, mtoto wa Trili wa Nyumba ya Juu," alisema. "Nimetoka barazani leo. Tumeamua lango la bwawa lifungwe mwanzoni mwa mwezi wa tano. Maji yatapanda na mvua hizi. Ukingo wote utafunikwa, na nyumba ya mawe pia."

Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia, taratibu, kama wanavyolia matangani kabla wengine hawajafika. Kijana wa Nyumba ya Juu alisimama ghafla, akanyoosha kidole ng'ambo ya pili. "Si tulisema? Nani aliwaonyesha wapimaji njia? Si—"

"Kaa," alisema Ksan. "Habari haijaisha."

"Imekwisha, mjomba! Nini kimebaki?"

"Hao hawakuamua," alisema Daiahun. "Ndiyo maana nimekuja. Hakuna mtu wa Laitumsaw aliyeamua, wa Juu wala wa Chini. Tumeamua sisi, kwenye chumba chetu kule mjini. Kama unataka mtu wa kumnyooshea kidole, ninyooshee mimi."

Kijana alibaki amesimama, kidole kikiwa hewani, hajui akipeleke wapi. Mwishowe alikishusha.

Mei Thrin alikohoa. "Binti wa Phida. Na wewe humo ndani ulisema nini?"

Lilikuwa ndilo swali aliloliogopa ngazi zote. Angeweza kujibu kwa maneno matano tu na wote wangempenda. Aliona nyuso zao zikisubiri kumpenda.

"Uamuzi ni wetu sote, Mei," alisema. "Na mimi nimo."

Bibi alimtazama bila kupepesa. Kisha akainuka kwa shida, akavuka ile nafasi ya katikati, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, akakaa upande wa Nyumba ya Juu, bega kwa bega na yule kijana. "Sogea," alimwambia. "Una makalio kama ng'ombe." Mtu akacheka huku analia. Wengine wakaanza kusogeleana, mikeka ikavutwa, na baada ya muda mfupi haikuwa rahisi kujua nani ametoka nyumba gani.

"Mwanzoni mwa mwezi wa tano," alisema Mei Thrin. "Tuna wiki sita, na mvua ndani yake. Nani ataanza kuwatoa wafu wa ukingoni, tuwaunganishe kabla ya maji?"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwenye redio aliiwasha wakati huo, na mtangazaji akataja bwawa. Watu wawili watatu waligeuza vichwa, wakasikiliza kidogo jambo ambalo walikuwa wanalijua tayari, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Mwenye redio akaizima mwenyewe.

Ksan alichuchumaa kando ya Daiahun. "Mpwa wangu. Nasikia mjini kesho kuna kuapishwa. Yule mwenye duka la chai alituambia. Ukiondoka sasa hivi, vijana wawili watakushika mikono mpaka juu. Umeshasema. Nitawaambia umekwisha kusema."

Daiahun alitazama ngazi. Zilikuwa bado zinaonekana kwa shida, kijivu kwenye giza lililokuwa likiingia, na angalau sehemu ya kwanza angeipanda na mwanga wa mwisho. Juu kulikuwa na gari, uso wake umeelekea mjini.

Upande wa nyuma, mwanamke mjamzito aliinua mkono. Alikuwa ameuinua muda mrefu, na kwa zile kelele hakuna aliyemwona. "Mimi nina swali," alisema. "Na wale waliokufa wakiwa wachanga? Wale wasio na jiwe?"

Watu waligeuka. Hawakumtazama Ksan wala Mei Thrin. Walimtazama aliyeleta habari.

Daiahun alifungua fundo la vazi kiunoni, akalishusha likafunika miguu, akageuka vizuri kumwelekea. "Njoo karibu, dada," alisema. "Niambie wako wangapi, na wamelala wapi."